Kuwasomea watoto kisa cha nyenje wa Times Square

Kitabu cha George Selden kiitwacho The Cricket in Times Square, kilichotoka mwaka 1960 kikiwa na michoro ya Garth Williams, nimewasomea wanangu usiku kwa usiku, nikikifasiri kwa Kiswahili papo hapo, na ushauri wangu wa kwanza ni kwamba kisisomwe kwa haraka. Nyenje Chester, aliyevutwa na harufu ya soseji ya maini hadi ndani ya kikapu cha chakula huko Connecticut, anajikuta katika kituo cha treni za chini ya ardhi cha Times Square, jijini New York, ambako anaokotwa na Mario, mtoto wa akina Bellini, wenye kibanda cha magazeti kisicho na wateja wengi. Hapo ndipo anapopata marafiki wawili, panya Tucker na paka Harry. Mtoto akiuliza inakuwaje paka asimle panya, usimjibu, mwache asubiri.

Mahali pa kutulia ni pale Chester, akiota kwamba anatafuna jani, anapokula nusu ya noti ya dola mbili ya akina Bellini, na Tucker, bahili aliyekuwa akidunduliza sarafu zinazodondoshwa na abiria, analazimika kuitoa akiba yake ya maisha ili rafiki yake asalimike. Funga kitabu kidogo, kisha muulize mtoto kama yeye angetoa zote. Wangu walibishana hadi taa ikazimwa, na sikuingilia.

Kuna sehemu inayohitaji tahadhari. Sai Fong, mwenye duka wa Chinatown anayemuuzia Mario kizimba cha nyenje, katika matoleo ya zamani anasemeshwa Kiingereza kilichovunjwavunjwa kwa namna inayowadhihaki Wachina. Mimi humpa Kiswahili safi cha mzee mwenye heshima, na mtoto aliye mkubwa namweleza sababu.

Chester anapoanza kupiga muziki, tafuta Torna a Surriento, wimbo unaomlainisha Mama Bellini, watoto wausikie.

Mwishoni Chester, amechoshwa na umaarufu, anarudi kwao kwa treni. Wadogo huenda wakalia. Usiwatulize siku hiyohiyo kwa kuwaambia kwamba kipo kitabu cha mwaka 1969 ambamo Tucker na Harry wanamfuata mashambani; acha zipite siku kadhaa, ndipo ukilete.