Filamu nimeinunua, mbona projekta inaonyesha giza?

Swali: Habari za kazi, fundi. Nimenunua filamu kwenye duka la mtandaoni, na risiti ninayo. Kwenye laptopu inacheza vizuri. Nikiipeleka kwenye projekta ya VGA kwa adapta ya HDMI, spika za laptopu zinatoa sauti lakini ukutani ni giza tupu. Video nilizopiga kwa simu zinaonekana bila shida. Nimeshabadilisha waya mara mbili. Kosa liko wapi?

Jibu: Nzuri, ndugu. Waya wako mzima, usinunue wa tatu. Kama video za simu zinapita, njia ya picha haina ubovu. Filamu ndiyo iliyonyimwa ruhusa.

Anayeinyima ni HDCP, kinga ya kuzuia kunakili iliyobuniwa na Intel. Kabla ya kuachia picha, laptopu hukihoji kifaa kilicho upande wa pili wa waya: una funguo? Katika HDCP 1, yaani toleo la kwanza, kila kifaa hupewa funguo 40 za siri (namba za utambulisho) kiwandani, na ukaguzi hurudiwa kila sekunde 2 hivi. Ndiyo maana kwa wengine picha huwaka, ikazima, ikawaka tena. VGA ni analogi, yaani si ya kidijitali, haina namna ya kujibu, na adapta nyingi za bei ndogo hazina funguo. Laptopu ikikosa jibu inafunga picha.

Kwa hiyo hakuna mpangilio wa kubofya utakaoiponya VGA. Tafuta projekta au televisheni yenye HDMI, uiunganishe kwa waya mmoja, moja kwa moja. Maduka mengine huachia toleo la SD, yaani la picha ya ubora wa chini, hata pasipo HDCP. Lijaribu kama unalo.

Hata kwa HDMI giza likibaki, ondoa splita (kigawa picha) na amplifaya vilivyo katikati. Chomoa vifaa vyote kwenye umeme kwa dakika 1, washa televisheni kwanza, laptopu baadaye. Bonyeza vitufe vya Windows na P kwa pamoja, chagua skrini ya pili peke yake, kwa sababu skrini moja isiyo na funguo inaweza kuziponza zote. Kwa filamu ya 4K, tundu la HDMI lazima liwe na HDCP 2.2, na kuna televisheni zenye tundu moja tu la aina hiyo. Soma maandishi yaliyo pembeni ya tundu.

Malalamiko yako ni ya haki. Ufunguo mkuu wa HDCP ulivuja mwaka 2010, Intel wakathibitisha. Mwizi wa filamu ana njia zake. Anayegonga ukuta ni wewe uliyelipa. Duka lilipaswa kukutajia masharti ya vifaa kabla ya kupokea pesa. Waandikie, taja modeli ya projekta, omba urejeshewe.

Safari ijayo kodi filamu moja kwanza, uijaribu kwenye vifaa vilevile. Usipimie trela, mara nyingi haina kufuli.