Usiingie studio kutafuta wimbo, ingia nao

Ndugu, simama hapo hapo. Eti umeshatuma dipositi kwa M-Pesa, studio ni Jumamosi saa tatu, huna hata ubeti mmoja wa huo wimbo wa kuabudu, na prodyuza amekutuliza kwamba msukumo utashuka biti ikianza? Kitakachoshuka ni salio lako. Roho Mtakatifu halipishi kwa saa, lakini studio inalipisha. Nimelipia kosa hili mara mbili, ya pili nikijua kabisa ninachofanya, kwa hiyo leo usinidai upole.

Kinachotokea humo ndani ni hiki. Biti iko tayari kwenye kompyuta: kodi nne za kinanda, yaani noti zinazobonyezwa pamoja, zinazunguka, mapigo 70 hivi kwa dakika, bari (mafungu ya mapigo) nane nane. Unaanza kutafuta maneno ya kujaza nafasi badala ya maneno ya kusema jambo. Mtu mwenye haraka hutoa kinachokaa juu juu mdomoni: “Wewe ni Mungu, wastahili, pokea sifa.” Si uongo, ila hayo yanaimbwa Nairobi nzima, kutoka Kayole hadi Kawangware, na hayakuhitaji wewe ulipe.

Ubaya wenyewe uko kwenye mkazo. Biti nyingi za kuabudu zimeigwa kutoka nyimbo za Kiingereza, na mstari wa Kiingereza mara nyingi huishia kwenye neno la silabi moja nzito, kwa hiyo tuni yake inavuta noti ya mwisho. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiweka “Bwana” kwenye noti hiyo ndefu, unapata bwaNAAA, na kanisa zima linasikia kuna kitu kimepinda hata kama hawajui ni nini. Tuni ya Kiswahili inataka uzito utue kwenye “bwa”, halafu “na” ianguke, fupi, imekwisha. Hilo huwezi kulirekebisha biti ikishafungwa, kwa sababu tatizo ni tuni yenyewe.

Halafu funguo, yaani kimo ambacho wimbo unaimbwa. Prodyuza anapandisha wimbo mpaka sauti yako ing’ae kwenye spika zake. Ibadani watu hawana spika zake. Kiitikio cha kuimbwa na wote kikae ndani ya oktava moja (do hadi do ya juu) na noti mbili tatu, basi. Ukizidi hapo wazee wananyamaza, wanabaki kupiga makofi kwa adabu. Na ukitaka kuushusha baada ya kurekodi, kinanda kitashuka kwa kubonyeza tu, lakini sauti yako ikishushwa na kompyuta noti tatu nne inatoka kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Unarekodi upya. Unalipa upya. Nani alikuambia msukumo utashuka? Yule yule anayelipwa mara mbili! Na akikutungia tuni humo ndani, atakuja kudai ni mtunzi mwenzako, na atakuwa na hoja, maana haki ya utunzi na haki ya rekodi ni vitu viwili tofauti.

Sheria yangu ni moja: wimbo usiguse ala yoyote mpaka kiitikio kimeimbwa kikavu na watu ambao hawajakisikia.

Sasa maneno yatoke wapi? Chukua Zaburi moja, siyo kumi. Anza na ya 13, ina mistari sita tu. Isome kwa sauti mara tatu ukiwa umesimama. Utaona imejigawa yenyewe: malalamiko, kisha ombi, kisha tumaini. Hapo una beti mbili na kiitikio kabla hujafikiria lolote. “Hata lini” inarudi mara nne mwanzoni, na marudio hayo yana kazi: anayelia hurudia. Usinakili mstari mzima, chukua swali lake uliulize kwa maneno ya mtu anayesubiri matatu Jogoo Road saa moja usiku.

Mfano. Mstari wa kwanza: “Hata lini, Bwana, nikungoje?” Hesabu mizani, yaani silabi: kumi. Mkazo uko kwenye ya 1, 3, 5 na 9. Mstari wa pili unaandika “Moyo wangu wachoka kungoja.” Mizani kumi pia, unashangilia. Subiri. Mkazo wa “wachoka” umeangukia ya 6, lakini tuni yako inakaza ya 5, kwa hiyo utaimba WAchoka. Badilisha: “Moyo wangu, Bwana, umechoka.” Moja, tatu, tano, tisa. Imekaa. Kazi hiyo ni dakika ishirini na kalamu, na hakuna prodyuza atakayekufanyia.

Tuni ipige mdomoni ukitembea, kisha iandike kwa solfa, do-re-mi, kwenye daftari. Simu rekodi nayo, lakini simu ya Nairobi tunajua inavyoondoka mkononi mwako dirishani. Daftari hakuna mwizi analitaka.

Jaribio: baada ya ibada ya katikati ya juma, wazuie watu watano, wasiwe waimbaji wa kwaya, maana kwaya itaimba hata orodha ya bei. Imba kiitikio mara mbili bila kinanda, nyamaza, waachie wao. Wakiteleza mahali pamoja wote watano, mahali hapo ndipo penye kosa, si wao. Rekebisha, rudi juma lijalo na wengine watano. Wakiubeba hadi mwisho na mmoja akaongeza sauti ya pili bila kuombwa, hapo sasa tafuta funguo: anza na ile waliyoiimba wenyewe.

Kusajili ni kwa KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, lakini kwa sasa utasajili nini, risiti ya dipositi?

Mpigie huyo jamaa leo, sogeza Jumamosi mbele wiki nne. Akikataa kurudisha dipositi, mwambie aihesabu kwa siku ya kurekodi sauti tu. Akikataa na hilo, iache huko. Ndiyo bei ndogo kuliko zote utakazokutana nazo hapo.