Sikio la mtoto likiuma, acha kwanza ile chupa

Juzi msomaji mmoja aliniandikia saa nane usiku. Mwanawe wa miaka mitatu analia sikio la kushoto, joto 38, na kabatini kuna chupa ya amoksilini, aina ya antibayotiki, iliyobaki tangu ugonjwa uliopita. "Nimpe?" Nikamjibu upesi: hapana. Chupa hiyo naijua.

Kifungua mimba wangu alinyweshwa dozi nne za antibayotiki ndani ya mwaka mmoja, zote kwa ajili ya masikio. Mara mbili ni mimi niliyemshikilia daktari mpaka akaandika. Nilidhani mama anayetoka mikono mitupu hampendi mwanawe. Dozi ya nne ilimharisha siku tano, makalio yakachubuka, akawa akiona tu ile bomba ya kunyweshea anabana midomo na kugeukia ukutani. Bado naona aibu.

Mara ya tano nilikutana na daktari mwingine. Akachungulia sikio, akasema tutulize maumivu, tusubiri siku mbili. Nilitoka nimenuna. Nikampa parasetamoli kwa kufuata uzito wake, nikakesha naye kifuani. Asubuhi ya tatu aliniamsha akidai mpira wake.

Sikio la mtoto huuma mara nyingi baada ya mafua. Mrija unaotoka sikioni kwenda nyuma ya pua kwake ni mfupi na umelala, hivyo huziba kwa urahisi. Majimaji yanajaa na kusukuma ngoma ya sikio. Virusi havisikii antibayotiki. Hata bakteria wakiwemo, watoto wengi hupona wenyewe ndani ya siku tatu hivi, na dawa hiyo haipunguzi maumivu ya siku ya kwanza. Kinachoyapunguza ni dawa ya maumivu. Wazazi wenzangu, tunaitoa kwa kusitasita, halafu antibayotiki tunaitoa kama maji!

Kusubiri si kupuuza, tuelewane. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2013 unaruhusu kungoja saa 48 hadi 72 kwa mtoto asiye na dalili kali, mradi afuatiliwe. Wa chini ya miezi sita hangojewi. Wala mwenye joto la 39 na zaidi, anayetoka usaha sikioni, au wa chini ya miaka miwili aliyeumwa masikio yote mawili. Akivimba nyuma ya sikio au akilegea, mkimbize hospitali usiku huohuo.

Kwa hiyo muulize daktari wako: "Tunaweza kusubiri?" Uliza bila woga. Akisema dawa inahitajika, mpe kama alivyoelekeza. Ila masalio ya kabatini si dawa ya mtu, nasema tena, si dawa ya mtu.

Msomaji wangu alimpeleka mtoto kliniki asubuhi, akaambiwa asubiri. Jana kaandika kwamba analala vizuri. Kuhusu ile chupa nimemuuliza mara mbili, hajanijibu.