Kabla ya kununua UPS ya kompyuta, soma wati na uulizie betri

Mtu akitaka nimshauri anunue UPS ipi (kile kisanduku chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika) kwa kompyuta ya nyumbani, namuuliza kwanza: umeme ukikatika, unataka kufanya nini? Wengi hujibu kwamba wanataka kuendelea na kazi. Hapo lazima tuelewane mapema. UPS ndogo ya nyumbani inakupa dakika za kuhifadhi mafaili na kuzima mashine kwa utaratibu, ili diski isikatishwe ikiwa katikati ya kuandika. Anayetaka umeme wa saa kadhaa atafute inveta na betri kubwa, na hiyo ni hesabu nyingine kabisa.

Ukishajua hivyo, geuza UPS usome kibandiko cha nyuma. Kwenye boksi wameandika kwa herufi kubwa 650VA, yaani volti mara ampea. Kule nyuma, kwa herufi ndogo, unaweza kukuta 360W. Shika hiyo ya wati, kwa sababu usipoizingatia, kompyuta yako inaweza kuizidi UPS nguvu, nayo ikazima palepale umeme unapokatika.

Mzigo wako nao usiukadirie kwa namba iliyoandikwa kwenye pawasaplai, kile kisanduku cha ndani kinachoigawia kompyuta umeme. Pawasaplai ya wati 500 inaweza kutoa hadi wati 500, lakini haitumii zote muda wote. Kompyuta ya kazi za kawaida pamoja na skrini yake mara nyingi haifiki wati 150, ila ya michezo yenye kadi kubwa ya picha inaweza kuvuka 400. Mimi hutumia kile kipima umeme kidogo cha kuchomeka kwenye soketi. Napima mashine ikiwa kwenye kazi nzito, halafu natafuta UPS ambayo mzigo huo hauzidi theluthi mbili ya wati zake.

Sasa betri, maana hapa ndipo pesa inapopotea. UPS nyingi ndogo zina betri moja ya asidi na risasi, ya volti 12 na Ah (ampea-saa) 7. Zidisha, unapata wati-saa 84. Kwa mzigo wa wati 150 ungedhani utapata zaidi ya nusu saa, lakini hupati. Ile Ah 7 hupimwa betri ikitumika polepole kwa saa 20. Ukiivuta kwa nguvu inatoa pungufu ya hapo, na kiasi kingine kinapotea kama joto wakati wa kuubadili umeme. Tarajia dakika 10 au zaidi kidogo, tena betri ikiwa mpya. Baada ya miaka mitatu hadi mitano itakuwa imechoka, na joto huiua mapema zaidi, kwa hiyo usiiweke UPS juani wala kuisukumiza kwenye kona isiyopitisha hewa.

Kwa sababu hiyo, dukani mimi huuliza: betri inabadilishika? Nzuri ni ile yenye kifuniko cha skrubu mbili, ndani kuna betri ya saizi ya kawaida na waya mbili, nyekundu na nyeusi, zinazochomoka kwa mkono. Ulizia pia imekaa stoo muda gani. Betri ya namna hii ikikaa miezi mingi bila kuchajiwa huharibika hata kabla hujaifungua kwenye boksi.

Kama umeme wako hupanda na kushuka, chukua yenye AVR, yaani kirekebisha volti. Ndani yake kuna transfoma inayofanya kazi hiyo bila kuigusa betri. Isiyokuwa nayo hukimbilia betri kila volti zinaposhuka sana, na betri inachakaa bure. Kuhusu wimbi la umeme, yaani umbo la umeme ambao UPS hutoa ikiwa kwenye betri, UPS za bei nafuu hutoa wimbi la ngazi ngazi. Kompyuta nyingi hulivumilia, lakini baadhi ya pawasaplai za kisasa huzima au kuvuma zikilipata. Kama mashine yako ni ya gharama, ongeza pesa upate ya wimbi laini (pure sine wave).

Ruta ichomeke humo humo, kwani wati zake ni chache na ukizima kompyuta utabaki na intaneti kwa muda mzuri. Printa ya leza usiichomeke kabisa. Inapopasha moto huvuta umeme mwingi kwa mkupuo.

Halafu ule waya wa USB ambao watu huuacha kwenye boksi, tafadhali uunganishe. Windows itaiona UPS kama betri ya laptopu, na kwenye Linux ipo programu ya NUT. Ipange izime kompyuta betri ikibaki asilimia 40 au hivi, hasa kama huwa unaiacha mashine ikifanya kazi peke yake. Mlio wa UPS haumsaidii mtu ambaye hayupo.

Chaji usiku kucha kabla ya kuitegemea, kisha ijaribu. Funga kazi zako zote, zima swichi ya soketi bila kuchomoa plagi ili waya wa ardhi ubaki umeungwa, uangalie saa. Rudia kila baada ya miezi michache. Dakika zikipungua hadi nusu ya zile za mwanzo, nunua betri mpya, na ile ya zamani ipeleke kwa wanaopokea betri chakavu, kwa sababu ina risasi na asidi.