Kuhusu Fundi

Igombe, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Swali lako sikutaka kulijibu kwa simu. Umeuliza niliwezaje kumlea mbuzi wetu Fundi kwa chupa tangu mama yake alipokufa, nikawa namwita naye akaitika, kisha nikaagiza achinjwe Krismasi.

Usiku ule nilitoka mara mbili kwenda kumtazama bandani. Asubuhi alipofika mzee jirani, ambaye kama ujuavyo ndiye tunayemwita siku zote ili Waislamu na Wakristo wa mtaa wetu wale pamoja, nilimwomba kisu akinolee nyuma ya nyumba. Akanijibu kwa upole kwamba dini yake ilikwisha kumfundisha kuwa mnyama haonyeshwi kisu, wala hachinjwi mbele ya mwenzake. Fundi nilimshika mwenyewe. Alikuwa akinilamba kiganja, akitafuta chumvi. Nyama nilikula, ila maini yalinishinda.

Hata hivyo, mwanangu, linaloniamsha usiku si hilo. Ulipokuwa shule ya bweni, kijana mmoja niliyempa kazi ya kuchinja alikuja na kisu butu, nami nikaona haya kumzuia mbele ya wageni, mnyama akateseka kwa muda ambao sipendi kuukadiria. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, lakini pale uani hapakuwa na mwingine wa kuulizwa isipokuwa mimi niliyemfuga.

Unasema huko Dar es Salaam unanunua nyama buchani na moyo wako umetulia. Sikulaumu, ingawa kuku wa kisasa unaowapenda huchinjwa wakiwa na wiki tano au sita tu, tena wengi wao hawajawahi kukanyaga udongo, ilhali Fundi alikaa nasi miaka miwili, akishiba majani ya viazi na kupanda mawe yote ya hapa kilimani. (Sato nao hufia mtumbwini wakitapatapa, na tangu utoto wako hujawahi kuniuliza habari zao.) Ukiamua kuacha nyama kabisa nitakupikia dagaa, au maharage ukiwaonea huruma na dagaa, ila usiache kwa kudhani kwamba mama yako hakumpenda yule mbuzi.

Wamezaliwa wengine wawili mwezi uliopita. Safari hii sijawapa majina, na baba yako ananicheka kwa hilo, kwa sababu mmoja wao ameanza kuja mbio kila nikigonga sufuria ya pumba.

Mama yako