Maswali na majibu: nimemaliza Death Note, sasa niangalie nini?

Safari hii karibu kila ujumbe unaomba anime, yaani katuni za Kijapani, nzito, za giza. Kipimo changu mkijue mapema: damu haitoshi kunishawishi. Naangalia kama steringi anadaiwa kwa anayoyafanya, na kama deni hilo linanigusa mimi niliyekuwa nikimshangilia.

Nimemaliza Death Note juzi. Nilimpenda steringi wake, Light, mpaka nikajishtukia. Nipe nyingine ya kunivuruga hivyohivyo.

Monster. Ina sehemu 74, ilianza 2004, na imetengenezwa na Madhouse, studio ileile ya Death Note. Kenzo Tenma ni Mjapani, bingwa wa upasuaji wa ubongo huko Düsseldorf, Ujerumani. Mapema kabisa wakubwa wanamwamuru amwache kibarua wa Kituruki aliyefika hospitali wa kwanza, akampasue mwimbaji wa opera. Anatii. Kibarua anafariki, na mjane wake anamkabili daktari palepale hospitalini, anamtwanga ngumi za kifua huku analia kwamba mumewe ndiye aliyetangulia.

Siku nyingine analetwa mtoto mwenye risasi kichwani, na safari hii anayetakiwa kupitishwa mbele ni meya. Tenma anagoma, anamwokoa mtoto. Unapiga makofi. Miaka inapita, mtoto yule, Johan, amekuwa muuaji, na daktari anashika bunduki kwenda kumsaka. Light anaua akijiona mtenda haki. Huyu alitenda haki kweli, na watu wanakufa. Hadithi inakwenda taratibu, sikufichi, lakini hakuna inayolifikia swali hilo kwa uzito. Kama kilichokunogea zaidi ni ile mitego ya akili, anza na Code Geass ya 2006.

Bando langu ni la kubana. Kuna fupi?

Pluto, ya 2023, ipo Netflix. Ni sehemu 8 tu, ingawa kila moja inakaribia saa nzima. Chanzo chake ni manga (hadithi ya michoro ya Kijapani) ya Naoki Urasawa, mchoraji wa Monster, aliyeisuka upya hadithi ya zamani ya Osamu Tezuka. Ukiangalia sehemu ya kwanza pekee utakuwa umefaidi: North No. 2, roboti aliyepigana vita, sasa ni mtumishi wa mtunzi wa muziki asiyeona huko Uskoti. Anaomba afundishwe piano. Mzee anamfukuza kwenye kinanda kwa maneno makali, maana kwake roboti huyo ni chombo cha kuulia. Kinachofuata sikwambii.

Vinland Saga msimu wa kwanza ilikuwa moto. Wa pili watu wanalima tu! Niache?

Usiache, ndugu yangu. Msimu wa kwanza (2019) ulikufanya umshangilie Thorfinn, kijana aliyefuatana na genge la aliyemuua baba yake ili siku moja alipize kisasi. Ukumbuke vijiji vilivyochomwa njiani. Ulivipita haraka, nami pia. Msimu wa pili (2023) unaanza na Einar, ambaye kijiji chake kimevamiwa, ndugu zake wakauawa na yeye akauzwa utumwani. Anapelekwa Denmark kwenye shamba la Ketil, na mwenzake wa kung'oa visiki ni nani? Thorfinn. Wanakata msitu na kupanda ngano wajikomboe, na usiku Thorfinn anaweweseka. Bila yale mashamba, vita vya mwanzo vingebaki kelele.

Binti yangu wa miaka 10 anataka Madoka Magica. Naona ni visichana vyenye mavazi ya kupendeza. Ina shida?

Mama, kaa uangalie sehemu tatu za kwanza peke yako kabla hujamruhusu. Mavazi hayo ni chambo. Kuna kinyama cheupe kinachowatimizia wasichana ombi moja kwa mkataba, na masharti yenyewe hakiyasemi yote. Mwandishi ni Gen Urobuchi, na hawaonei huruma wahusika wake. Ni sehemu 12 nzuri sana, lakini mtoto wa miaka 10 asubiri kidogo.

Psycho-Pass inafaa? Nasikia misimu mingine imeharibika.

Wa kwanza, wa 2012, sehemu 22, unafaa mno. Na huo pia ni kalamu ya Urobuchi. Mfumo uitwao Sibyl unapima akili za raia, na bastola ya polisi ndiyo inayoamua nani afe. Sehemu ya kwanza inatosha kukuonyesha: mwanamke aliyetekwa na kudhalilishwa amepata hofu kubwa, kipimo chake kimepanda, basi bastola inaagiza auawe. Yeye ndiye aliyeonewa! Askari mgeni, Akane, anaamua kumpiga risasi ya ganzi mwenzake aliyetaka kumuua mwanamke huyo. Msimu wa pili wa 2014 uliandikwa na mwingine, na pengo linaonekana. Ukiuruka hutapoteza kitu.

Berserk: ya zamani au mpya?

Ya 1997, sehemu 25. Ile ya 2016 picha zake za kompyuta zinakera macho. Ya zamani inakatika pabaya, kwa hiyo ukimaliza itabidi uhamie kwenye manga yenyewe. Na ujue kuna ubakaji ndani yake, unaonyeshwa wazi. Usiiweke sebuleni watu wakiwa wanakula.