Rosti ya Jumapili ya Waingereza, viazi kwanza

Dada, umeuliza rosti ya Jumapili ya Uingereza, ule mlo wao wa nyama ya kuoka na viazi, inanogeshwa na nini, mi nakwambia viazi. Vichemshe kama dakika 10, mwaga maji, vitikise sufuriani mpaka vichubuke pembeni halafu vimwage kwenye mafuta yaliyochemka kwelikweli, oveni digrii 200, viache mpaka vikauke nje viwe kahawia. Nyama ya ng'ombe ikitoka ipumzishe nusu saa, ukiikata papo hapo majimaji yote yanaishia kwenye ubao, na muda huohuo ndo unaoka Yorkshire pudding, zile andazi zisizo na sukari za unga, mayai na maziwa zinazoumuka, ila oveni usiifungue zitasinyaa! Yale mabaki ya chini ya trei ya nyama usioshe jamani, ndo mchuzi wenyewe huo, tia unga kidogo na supu ukoroge. Kama ni kondoo, sosi ya nanaa.